Mkanda Uliokubali Kusimama

Kila Jumatatu, yapata saa tatu asubuhi, Marlys Tollefson alimwambia msimamizi wake, Craig Lindquist, kwamba asubuhi ilikuwa ndefu, na Craig alimjibu kwamba kweli, ilikuwa ndefu. Kisha Craig aliendelea na mzunguko wake, na Marlys aliendelea kukata mabawa ya bata mzinga kiwandani. Mazungumzo hayo yalikuwa yamedumu miaka kumi na mmoja. Marlys aliyahesabu kuwa ni ombi.

Alichokuwa akiomba ni kwenda msalani. Lakini huku Minnesota, hasa upande huu wa maziwa, mwanamke mzima hamtajii mwanamume jambo hilo, isipokuwa mwanamume huyo awe daktari, na hata daktari humsaidia kwa kutazama pembeni. Mtu husema asubuhi ni ndefu, na anayesikia, akiwa amelelewa vizuri, anaelewa. Craig alilelewa katika kanisa lilelile la Kilutheri alikolelewa Marlys. Ama alielewa, ama hakuelewa. Marlys hakuwahi kujua, maana kumuuliza kungekuwa kukosa adabu.

Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na chakula kilikuwa saa sita. Katikati ya hapo mkanda ulipita bila kusimama, ndege thelathini na wanane kwa dakika, wananing'inia kwenye ndoano kichwa chini. Aliyeondoka mahali pake aliacha ndege wake wapite na mabawa yao, na jina lake liliandikwa. Kwa hiyo watu walijizuia. Baadhi walivaa nepi za wazee, na walizinunua mji wa pili ili mwenye duka asiwafahamu. Marlys mwenyewe aliacha kunywa kahawa siku za kazi, jambo ambalo kwa Mlutheri wa huku ni zaidi ya kufunga.

Kushoto kwake alisimama Hodan Warsame, msichana wa Kisomali mwenye ulimi mwepesi na mimba ya miezi sita. Hodan hakujua habari ya asubuhi ndefu. Wiki yake ya kwanza kiwandani alimwambia Craig, "Nataka kwenda chooni." Craig aliiva uso hadi kwenye kofia ya wavu, akasema atatazama kama kuna mtu wa kumshikia nafasi. Hakukuwepo. Hodan alirudia ombi lake kila siku, naye Craig kila siku alitazama kama kuna mtu.

Siku moja ya Januari, wakati wa chakula, Hodan aliweka bilauri yake ya maji mezani bila kuigusa.

"Shangazi, daktari amesema nisijizuie tena. Nikijizuia figo zitapata ugonjwa, na mtoto atakuja kabla ya wakati."

"Oo. Hilo si jambo zuri," alisema Marlys. Kwa mtu wa huku, huko ni kupiga mayowe.

"Basi mwambie Craig."

"Nimemwambia. Kila Jumatatu namwambia."

"Unamwambia asubuhi ndefu. Asubuhi ndefu ndiyo nini, shangazi? Hata saa ya ukutani inamwambia hivyo. Unazunguka mbuyu."

"Ataelewa tu."

"Miaka kumi na mmoja hajaelewa, ataelewa lini? Mimi nikisema waziwazi ananiona mgeni sina adabu. Wewe ni mtu wao. Sema wewe."

Marlys alitazama lile tumbo, akatazama bilauri iliyojaa. Siku hiyohiyo, akipita kwenye shule ya sekondari, aliona tangazo la madarasa ya watu wazima: Ushawishi kwa Kazi na Maisha ya Kila Siku, Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni, majuma sita, chumba cha mapishi. Alijiandikisha kwa jina la kwanza tu, kama mtu anayekwenda kupimwa.

Mwalimu alikuwa Dwight Pruitt, mtu wa Texas, zamani muuza madirisha, aliyeoa mke wa hapa na kuhamia kwenye baridi kwa ajili yake. Wanafunzi walikuwa tisa, wamekaa katikati ya majiko. Dwight alisema somo la kwanza ndilo gumu kuliko yote: sema unachotaka, kwa sentensi moja, kisha sema sababu yake. Akamtaka kila mmoja amwombe jirani yake kalamu.

Marlys alimgeukia mzee mmoja aliyekuja kujifunza namna ya kumfanya dada yake amuuzie mashua. "Naona una kalamu," alimwambia.

"Hapo hujaomba, mama," alisema Dwight. "Hapo umetoa taarifa."

"Yeye ameshaelewa."

"Kweli, nimeelewa," alisema yule mzee, akampa kalamu.

Dwight alishusha pumzi. Akawapa kazi ya nyumbani: kabla ya Jumanne ijayo, kila mmoja amshawishi mtu jambo moja, aandike ilivyokwenda. Marlys aliona haya kuanzia kwa watu. Alianzia kwa theluji.

Ilianguka Alhamisi, ikajaa njia yake ya gari hadi magotini. Alisimama mlangoni na koleo mkononi, akasema, "Theluji, nataka utoke kwenye njia, kwa sababu zamu yangu inaanza saa kumi na mbili." Theluji ilifikiri kidogo, kisha ikasogea yote upande wa kushoto, ikajipanga kando ya ua. Jirani yake, Arlen, alipotoka alikuta ua umeongezeka kimo, akasema inaonekana upepo ulikuwa wa mashariki. Marlys aliandika tukio hilo kwenye daftari, mistari minne.

"Theluji ni mteja mgumu," alisema Dwight baada ya kusoma. "Ulitumia sauti ya chini au ya juu?"

"Ya kawaida."

"Vizuri," alisema Dwight, akaweka alama ya vema.

Somo la pili lilihusu kukataliwa. Dwight alisema jibu la hapana la kwanza si hapana. Omba tena, na mara ya tatu ndipo utajua ukweli. Alilisema hilo kwa fahari, kana kwamba amelivumbua. Darasa lilitazamana. Kila mtu mle alijua kwamba mgeni akikaribishwa kahawa hukataa mara mbili na kukubali mara ya tatu, na asiyekaribisha mara tatu hakukaribisha. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anayeomba naye ana haki ya mara tatu.

Marlys alirudi nyumbani akimfikiria mumewe. Verlyn alikuwa amekufa majira manne ya baridi yaliyopita, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja na gari lake la mizigo, akaegesha uani, akakaa ndani ya gari injini ikinguruma robo saa, kisha akaenda zake. Jumapili ya kwanza Marlys alifungua mlango akamwita aje anywe kahawa. Verlyn aliinua mkono kukataa. Marlys aliheshimu jibu hilo kwa miaka minne, akimtazama dirishani, huku kahawa ikipoa.

Jumapili iliyofuata alitoka hadi kwenye gari. "Verlyn, nataka uingie ndani."

"Aa, sitaki kukusumbua."

"Ingia."

"Buti zangu zina matope."

"Ingia, Verlyn."

"Basi," alisema Verlyn, "kama umeshaichemsha."

Alikunywa vikombe viwili, akala nusu ya kipande cha mwisho cha keki ya limau, na nusu akaiacha kwenye sahani, maana huku hakuna mtu anayemaliza kipande cha mwisho, awe hai au mfu. Alisema gari la Marlys linahitaji kubadilishwa mafuta. Alipoondoka, Marlys aliosha kikombe chake, akalia. Hakulia kwa huzuni hasa. Alilia kwa uchungu wa kujua kwamba Jumapili mia mbili zingeokolewa na sentensi mbili.

Jumanne iliyofuata Dwight aliwafundisha kuanza na maswali madogo ambayo jibu lake ni ndiyo, ili mtu azoee kukubali kabla hajafikishiwa kubwa. Juma la nne akawafundisha kunyamaza. "Ukishaomba, funga mdomo," alisema. "Ukimya unauma. Atakayeanza kusema ndiye atakayekubali. Kwetu Texas sijaona mtu aliyevuka sekunde kumi."

Marlys aliona sasa yuko tayari. Alifanya mazoezi mbele ya jokofu siku mbili, na jokofu likakubali. Ijumaa, zamu ilipoisha, alibisha hodi kwenye ofisi ya Craig, akabaki amesimama.

"Craig, nataka tupatiwe mtu mmoja wa kushika nafasi, ili kila mmoja wetu aende msalani mara moja kabla ya saa sita, kwa sababu Hodan ana mimba na sisi wengine ni wazee."

Lilikuwa limetoka. Shingo yake ilikuwa inawaka moto. Alifunga mdomo kama alivyofundishwa.

Craig naye alinyamaza. Tatizo ambalo Dwight hakulijua ni kwamba Craig alikuwa akivua samaki juu ya barafu na baba yake tangu ana miaka minne, kutwa nzima kwenye kibanda, ndoana tunduni, na katika miaka yote hiyo waliongea labda mara sita. Ukimya haukumuuma. Alikaa ndani yake kama mtu aliyekaa karibu na jiko. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Mfagiaji aliingia, akapiga deki kuwazunguka, akatoka. Walikuwa wamefika dakika ya arobaini simu ilipolia, na Craig alipomaliza kuijibu, heshima ilimtaka aseme neno.

"Ombi lako ni la haki, Marlys. Sina la kubisha."

"Asante."

"Lakini mwenye kauli si mimi. Mtu wa ziada hayumo kwenye mpango. Mpango unatoka ofisi kuu, na ofisi kuu inafuata mkanda. Mkanda hausimami."

"Kwa hiyo mwenye kauli ni mkanda."

Craig alifikiri. "Ukitazama vizuri, ndiyo," alisema. "Msalimie Verlyn."

Dwight aliposikia habari hiyo hakuvunjika moyo. Alisema hilo lilikuwa somo la tano, na Marlys alikuwa amelifikia peke yake: usipoteze nguvu kumshawishi asiye na kauli. "Nenda kwa mwenye kauli," alimwambia.

Kesho yake Marlys alifika kiwandani nusu saa kabla ya zamu. Mkanda ulikuwa umetoka kuoshwa, unadondosha maji, ndoano tupu zimejipanga hadi mwisho wa ukumbi. Aliweka kiganja juu ya chuma.

"Uliletwa hapa mwaka uleule nilioanza mimi, si ndiyo?"

Mnyororo wa mkanda uligonga mara moja.

"Na tangu hapo hupumziki ila Krismasi na Pasaka."

Ukagonga tena.

"Na ukienda kasi hivi, maungio yako yanauma. Yangu yanauma."

Hapo mnyororo ulichelewa kidogo, kisha ukagonga.

"Nataka usimame dakika nne kila siku, saa nne kasorobo asubuhi, kwa sababu kuna watu wanahitaji kwenda msalani, na mmoja wao ana mtoto tumboni."

Alinyamaza. Mkanda ulikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa wa kukataa. Marlys aliomba mara ya pili, kwa maneno yaleyale. Ukakataa. Aliomba mara ya tatu. Mnyororo ulilegea urefu wa kidole kimoja, ukumbi mzima, kama mtu anayeshusha mabega.

Saa nne kasorobo mkanda ulisimama. Watu ishirini na wawili walitazamana, kisha wakatazama mlango. Vyoo vilikuwa sita, na dakika nne zilitosha kama hakuna aliyekwenda kwenye kioo. Walirudi mmoja mmoja, wakavaa glavu, na mkanda ukaondoka sekunde ileile iliyotakiwa. Hodan alirudi akitabasamu hadi masikioni.

"Shangazi, umeuambia nini?"

"Nimeuomba tu."

"Siku zote hizi, dawa ilikuwa kuomba?"

"Mara tatu," alisema Marlys.

Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu, na majuma mawili yalipita. Marlys alirudia kahawa. Hodan alianza kunywa maji tena, bilauri tatu wakati wa chakula, akiziinua juu kwanza ili Marlys azione. Wale waliokuwa wakienda mji wa pili kununua nepi hawakwenda tena, ingawa hakuna aliyelisema. Dwight aliwapa wanafunzi wake vyeti, na Marlys alikiweka chake droo ya vitambaa, mahali ambapo hakingeonekana kama majivuno.

Ofisi kuu ilituma mafundi wawili. Walifungua mota, wakapima umeme, wakalala chini ya mkanda na tochi. Hawakuona hitilafu. Katika fomu yao kulikuwa na nafasi ya kueleza chanzo, na fundi mkubwa, aliyekuwa mtu mkweli, aliandika: unasimama kwa hiari yake. Ofisi kuu haikubishana na maelezo hayo. Ilichotaka ni utaratibu.

Utaratibu uliletwa na Kendra Stroud wa idara ya usalama. Alikuja Jumatatu, na sanduku la maandazi ya sukari na turubai jeupe la kuonyeshea picha. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na alijua majina ya watu wote ishirini na wawili kabla hajatambulishwa.

"Sote hapa tunataka kurudi nyumbani salama, au sivyo, Marlys?"

"Ndiyo," walisema.

"Na mashine iliyosimama yenyewe inaweza kuanza yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mtu anayetembea ovyo wakati huo anaweza kuumia, si kweli, Hodan?"

Watu wakasema ndiyo. Marlys peke yake alinyamaza, maana alisikia somo la tatu likipita mbele yake swali kwa swali, na akajua litakapofika. Lilifika. Kuanzia siku hiyo, mkanda ukisimama nje ya ratiba, kila mtu atabaki mahali pake, mikono mbali na meza, hadi uanze tena. Atakayeondoka ataandikiwa onyo, na onyo la tatu ni kuonyeshwa mlango wa nje, bila kazi. Dakika zinazopotea zitafidiwa mwisho wa zamu.

Marlys aliinua mkono. Hakuwa amewahi kuinua mkono katika mkutano wowote, hata wa kanisa.

"Nataka turuhusiwe kwenda msalani mkanda ukisimama, kwa sababu ndiyo maana umesimama."

"Hilo ni swali zuri sana, Marlys. Nimelisikia. Nitalifikisha."

Marlys aliomba tena, na Kendra akashukuru tena. Mara ya tatu Kendra aliweka mkono kifuani kuonyesha jinsi alivyoguswa. Ndipo Marlys akanyamaza, akamtazama, na Kendra naye akanyamaza, akimtazama kwa upole. Yeye hakusoma majuma sita. Alisoma miaka miwili, chuoni. Baada ya muda Craig alisema maandazi yatapoa, ingawa yalikuja yamepoa, na mkutano ukaisha.

Kesho yake alfajiri Marlys alirudi kwenye mkanda, akaueleza. Mkanda ulimsikiliza, ukagonga mara moja kuonyesha umeelewa, na hakukuwa na zaidi. Ulikuwa umeshatoa ulichokuwa nacho. Kuhusu mlango haukuwa na kauli.

Kwa hiyo kila siku saa nne kasorobo mkanda ulisimama kama ulivyoahidi, na watu ishirini na wawili walisimama nao, mikono kifuani, dakika nne. Wawili walijaribu kutoka, wakaandikiwa. Hodan alitoka mara mbili, akaandikiwa mara mbili. Bilauri yake wakati wa chakula ilianza kubaki imejaa tena.

Alhamisi ya pili ya Machi mimba ilikuwa miezi minane. Mkanda uliposimama, Hodan alitazama mlango. Ulikuwa hatua kumi na nne kutoka alipo, na haukuwa umefungwa. Alikunja vidole vya miguu ndani ya buti. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Katika dakika ya tatu alijikojolea pale aliposimama, na maji yakashuka juu ya buti, yakaenda kwenye mfereji wa damu.

"Nimeshindwa, shangazi," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Marlys alimshika mkono. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa nayo hata siku aliyomzika mumewe, na hakutafuta sentensi ya kuivalisha.

"Craig, njoo umtazame. Usitazame sakafu. Mtazame yeye."

Craig alikuja. Alimtazama Hodan, na masikio yake yakaiva, na ilionekana wazi kwamba ameelewa kila kitu, na kwamba huenda alielewa tangu zamani. Alikwenda kwenye kabati, akatoa kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze, akakisimamisha karibu na miguu ya Hodan kwa uangalifu, kisiguse buti zake. Kisha akafungua daftari la zamu, akaandika kwamba sakafu ilikuwa na maji na hakuna aliyeumia.

Dakika ya nne iliisha. Mkanda haukuondoka. Watu walisubiri, wakatazama saa, wakautazama mkanda. Ndoano zilining'inia bila kutikisika, ukumbi mzima. Hakuna aliyekuwa ameuomba. Marlys aliweka kiganja chake cha pili juu ya chuma, akakuta chuma kina joto, akajua kwamba mkanda unaona haya. Ulikaa hivyo dakika moja nzima, ndipo ukaondoka.

Mchana ule walichelewa kutoka dakika tano badala ya nne.